Kufunga Mashine Kwenye Boti ya Zamani ya Mbio: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mwenye boti ya faiba ya zamani iliyoundwa kwa mbio, ya futi 16 hadi 22, anayetaka kuifunga mashine ya nje hapa Unguja au Pemba. Hauhusu ngalawa wala mashua ya mbao iliyotiwa mashine ya nguvu za farasi 15. Vyombo hivyo vina hesabu zake. Majibu yamefuata mpangilio wa kazi yenyewe. Anayekimbilia kununua propela kabla hajagonga ubao wa nyuma kwa nyundo anajitafutia hasara, na pengine anawatafutia abiria wake jambo kubwa kuliko hasara.

Boti yangu chini ina V kali. Hilo linabadilisha nini?

Linabadilisha karibu kila kitu. Umbo hilo lilipata sifa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950 kupitia mchoraji Ray Hunt. Mwaka 1960 boti ya takriban futi 30 iitwayo Moppie ilishinda mashindano ya Miami hadi Nassau katika bahari iliyochafuka, na kuanzia hapo waundaji wengi wa boti za mbio wakaifuata V ya kina, mara nyingi nyuzi 24 au karibu yake hadi kwenye tezi, yaani nyuma ya boti.

Faida yake unaijua ukivuka kutoka Nungwi kuelekea Pemba wakati wa kusi: boti inalipasua wimbi badala ya kulipiga. Gharama yake ni kwamba ikisimama inakaa chini upande wa tezi, inataka nguvu nyingi ili ipande juu ya maji, na ikishakimbia inabaki imesimama juu ya ukanda mwembamba wa mkuku, yaani uti wa chini wa boti. Kwa hiyo uzito wa mashine na kimo chake vinahisika hapa kuliko kwenye boti yenye chini bapa. Nusu inchi unaiona kwenye mita ya mwendo.

Naanzia wapi?

Ubao wa nyuma, yaani ule unaobeba mashine. Boti nyingi za zamani zimewekwa plaiwudi katikati ya tabaka mbili za faiba. Faiba yenyewe haiozi, ila plaiwudi huoza, na huoza kimyakimya kupitia matundu ya bolti za mashine ya kwanza, tundu la kutolea maji, na skrubu za vitu vidogo ambavyo mtu alivifunga bila kuziba.

Chukua nyundo ndogo, gonga ubao wote kuanzia juu hadi chini, ndani na nje. Panapotoa sauti kavu na kali pazima. Panapotoa sauti butu, weka alama ya chaki. Kisha toboa kutoka upande wa ndani vitundu vya milimita 5 karibu na matundu ya zamani ya bolti na chini kabisa karibu na mkuku, halafu tazama unga unaotoka. Unga mkavu wa rangi ya mbao ni habari njema. Unga mweusi unaoshikana vidoleni, au maji ya kahawia yanayochuruzika, maana yake kazi imeongezeka. Vitundu vya mahali pazima vijazwe epoksi siku hiyohiyo.

Kipo kipimo kingine kinachofaa kama mashine ya zamani bado imefungwa: inyanyue kidogo, shika sehemu ya chini ya mashine, uitikise juu na chini kwa nguvu huku mwenzako akitazama ubao. Ubao ukipumua, usiende nayo baharini.

Ubao umeoza kidogo tu. Siwezi kufunga bamba la alumini nje na ndani nikaendelea?

Hapana. Bamba linasambaza mzigo kwenye mbao nzima. Kwenye mbao iliyooza linaficha tu. Bolti zinakazwa, plaiwudi laini inabonyea, bolti zinalegea, maji yanaingia zaidi.

Kazi ya kweli ni kukata faiba ya ndani, kutoa plaiwudi yote iliyolowa, kukausha, na kujenga upya. Tabaka mbili za plaiwudi ya baharini ya milimita 18 zikigandishwa pamoja na kufunikwa faiba zinatoa unene wa milimita 40 na zaidi kidogo, unaotosha kwa boti nyingi za ukubwa huu. Lakini pima kwanza unene wa ubao wa asili, na hakikisha mabano ya mashine yako yanaupokea. Tumia epoksi. Rezini ya kawaida ni rahisi na mafundi wetu wameizoea, ila mshiko wake kwenye faiba ya zamani ni dhaifu zaidi, na hapa ndipo mahali pasipotaka ubahili. Ifanye kazi hii miezi ya ukame. Wakati wa masika hewa imejaa unyevu, na mbao uliyodhani imekauka haijakauka.

Ukiwa umefungua, angalia pia mataruma, yaani mbavu za boti, na povu lililo chini ya sakafu. Povu la zamani hunyonya maji, na kila lita 100 zilizojificha humo ni kilo 100 unazozibeba kila safari.

Boti haina kibao cha kuonyesha nguvu inayoruhusiwa. Nitajuaje kiwango?

Marekani wana hesabu ya boti zilizo chini ya futi 20, na inafaa kuwa mwongozo. Zidisha urefu wa boti kwa upana wa ubao wa nyuma, vyote kwa futi. Kama boti ina usukani wa mbali na ubao wa nyuma una kimo cha inchi 20 au zaidi, na jibu lako limezidi 52.5, lizidishe mara mbili kisha toa 90. Boti ya futi 17 yenye ubao wa futi 6 inatoa 102. Mara mbili ni 204, ukitoa 90 inabaki 114. Basi mashine ya 115 ndiyo mwisho wake.

Hicho ni kikomo cha boti nzima iliyo katika hali yake. Ya kwako ina umri. Mimi humshauri mtu ashuke ngazi moja na achukue mashine nyepesi, kwa sababu boti ya V iliyosawazishwa vizuri na mashine ya 90 inapendeza kuiendesha kuliko iliyolemewa na 115.

Tustroku au fostroku?

Boti hizi zilichorwa enzi za tustroku, yaani mashine za mipigo miwili. Fostroku ni za mipigo minne. Fostroku ya nguvu ileile mara nyingi ni nzito zaidi, wakati mwingine kwa makumi ya kilo, na uzito huo wote unaning'inia mwisho kabisa wa chombo. Kwa upande mwingine fostroku inakula petroli kidogo, haina hesabu ya kuchanganya oili, na haipigi kelele. Anayepeleka wageni Mnemba kila siku ataiona tofauti mfukoni mwake. Tustroku ya kabureta inatengenezeka karibu popote, kuanzia Mkokotoni hadi Wete, na vipuri vyake vinapatikana.

Kabla hujatoa pesa, fanya jaribio hili. Boti ikiwa majini bila mashine, panga madumu ya maji ya lita 20 juu ya ubao wa nyuma au karibu nao kadiri inavyowezekana, mpaka ufikie uzito wa mashine unayoitaka. Madumu 9 ni kilo 180. Kisha weka betri, tangi lililojaa na watu wawili mahali wanapokaa. Tazama maji yamefika wapi. Kama matundu ya kutolea maji yamezama, au ukingo wa nyuma umebakiwa na shibri moja tu kutoka majini, mashine hiyo si ya boti hiyo. Betri na tangi unaweza kuvisogeza mbele, na mara nyingi ni lazima uvisogeze, lakini usitegemee kwamba kusogeza betri kutaokoa kilo 60 za ziada.

Shafti fupi au ndefu?

Pima ubao kutoka juu, pale mabano yanapokaa, hadi chini kwenye mkuku, katikati. Inchi 15 ni fupi, 20 ni ndefu, 25 ni ndefu zaidi. Boti nyingi za mbio za ukubwa huu ni 20, lakini zipo za zamani zilizokatwa chini, kwa hiyo pima mwenyewe, usiamini neno la muuzaji.

Mashine ikae kimo gani?

Hapa ndipo watu wengi wanapoacha mwendo wao. Fundi hukalisha mashine mpaka mabano yaguse ubao, anatoboa, anafunga, anaondoka. Kwenye boti ya V ya mbio hiyo mara nyingi ni chini mno. Sehemu ya chini ya mashine inaburuta majini, petroli inaliwa, usukani unakuwa mzito.

Fanya hivi. Weka boti juu ya trela au magogo, mkuku ukiwa umelala sawa. Chukua bomba la mraba la alumini lililonyooka, liegemeze chini ya mkuku, litokeze nyuma hadi kwenye mashine. Mashine iwe imesimama wima kuhusiana na bomba hilo. Sasa tazama lile bati bapa lililo juu kidogo ya propela. Anza na bati likiwa sawa na mkuku au juu yake kwa inchi moja. Mashine nyingi kubwa zina matundu ya bolti yaliyopangana kwa nafasi ya robo tatu ya inchi, yaani milimita 19, kwa hiyo unaweza kupandisha tundu moja moja bila kutoboa upya. Ukianzia matundu ya kati, unabakiwa na nafasi ya kwenda juu na chini.

Ingia majini ukimbie. Nahodha aendeshe, wewe kaa nyuma utazame, ukiwa umejishikilia. Boti ikishapanda na kusawazika, bati linapaswa kuonekana likiteleza juu ya maji au limefunikwa na utando mwembamba tu. Kama limezama chini ya maji ya kijani, pandisha tundu moja. Rudia.

Utajuaje umepita kiasi? Ukikata kona, mashine inalia ghafla na boti haisogei, kwa sababu propela imevuta hewa. Au unapoondoka, boti inachelewa kupanda. Au, na hili ndilo la hatari, maji ya kupoza yanapungua. Matundu ya kunyonya maji yako chini ya bati, na yakitoka majini mashine inaungua ndani ya muda mfupi. Anayetaka kupandisha mashine zaidi ya inchi 2 juu ya mkuku afunge mita ya shinikizo la maji. Ule mchirizi unaotoka pembeni unaweza kuonekana mzuri wakati mashine inateseka. Ikianza kuvuta hewa kwenye kona, shusha tundu moja na uache hapo.

Anayebeba abiria au kuvuka mkondo wa Pemba asitafute kimo cha juu kabisa kinachowezekana. Katika wimbi boti inaruka, na mashine iliyopandishwa sana inapoteza maji kila inaporuka.

Na lile bano la kusogeza mashine nyuma?

Linasaidia, maana nyuma ya boti maji huinuka na mashine inapata maji safi zaidi. Kanuni ya kuanzia ni kupandisha inchi 1 kwa kila inchi 12 ulizosogeza nyuma. Lakini linazidisha mzigo kwenye ubao na linapeleka uzito mbali zaidi na katikati. Kwenye boti ya zamani iliyokwisha kulemewa nyuma, liache.

Bolti zipi, na nizibe na nini?

Bolti 4 za stenlesi za daraja la 316, nusu inchi, za kupenya moja kwa moja. Zile skrubu za kukaza kwa mkono ni za mashine ndogo. Toboa tundu kubwa kidogo kuliko bolti, paka epoksi kuta za tundu zima ili plaiwudi isiguse maji kamwe, iache ikauke, kisha ingiza bolti ikiwa imepakwa gundi ya baharini ya poliyurethani. Silikoni ya madirishani usiitumie. Ndani weka washa pana au bamba la alumini. Kaza tena baada ya safari chache za kwanza, kwa sababu ubao hukaa.

Nichague propela gani?

Namba mbili zimeandikwa kwenye propela: ya kwanza ni upana wake, ya pili ni pichi, umbali kwa inchi ambao ingesonga katika mzunguko mmoja kama ingekuwa parafujo kwenye ubao. Propela yenye pichi 17 ingesonga inchi 17. Kwa sababu maji huteleza, haifiki.

Propela unaichagua kwa mita ya mizunguko. Fungua kitabu cha mashine yako utafute kiwango cha mizunguko kwa dakika leva ikisukumwa mpaka mwisho. Tustroku nyingi za kazi ni 4500 hadi 5500. Fostroku nyingi za ukubwa wa kati ni 5000 hadi 6000. Kimbia na mzigo unaobeba kila siku: petroli, watu, barafu, vyombo vya uvuvi. Mashine ikishindwa kufika sehemu ya juu ya kiwango hicho, pichi ni kubwa mno. Ikipita, ni ndogo mno. Kila inchi 1 ya pichi hubadilisha mizunguko kama 150 hadi 200. Tafadhali usiipuuze hali ya mashine kushindwa kufika. Mashine inayosukuma mzigo mzito kwa mizunguko midogo inajiua polepole, na mwenyewe anadhani inampa mwendo wa raha.

Kisha piga hesabu ya utelezi. Gawa mizunguko kwa uwiano wa gia, zidisha kwa pichi, gawa kwa 1215. Unapata mwendo wa nadharia kwa maili za bahari kwa saa. Mfano: mizunguko 5500, gia 2.15, pichi 17. 5500 kwa 2.15 ni 2558. Mara 17 ni 43,486. Ukigawa kwa 1215 unapata 35.8. Kama simu yako imeonyesha 31, utelezi ni asilimia 13, na hiyo ni hali nzuri kwa boti ya namna hii. Ukipata asilimia 25, usikimbilie kununua propela nyingine. Rudi kwenye kimo, kwenye uzito, na kwenye uchafu chini ya boti.

Jambo moja nalisisitiza kwa kila mtu: badilisha kitu kimoja, jaribu, andika. Ukipandisha mashine na kubadili propela siku moja, hutajua kipi kimekupa nini.

Alumini au stenlesi?

Stenlesi haipindi ikisukumwa, inashika maji vizuri zaidi kwenye boti ya mbio. Lakini ukiwa Paje, Jambiani au Chwaka, ambako maji ya bamvua yakitoka unabaki na matumbawe na mchanga, funga alumini. Ikigonga mwamba inapinda au kukatika yenyewe, wakati stenlesi inaupeleka mshtuko kwenye gia. Beba ya akiba, pini zake na spana.

Ikikimbia, omo (mbele ya boti) inapanda na kushuka bila kukoma. Kwa nini?

Kwa kawaida uzito mwingi nyuma, au mashine imenyanyuliwa nje kupita kiasi. Ishushe iingie ndani kidogo, ikitulia, umeshajua. Isipotulia, sogeza tangi na betri mbele. Kwenye boti zilizokaa miaka mingi juu ya magogo mabaya, weka lile bomba lililonyooka chini ya boti, eneo la mita moja na nusu kutoka tezi. Ukiona mwanga katikati, sehemu hiyo imebonyea, na hakuna mashine itakayoponya. Ni kazi ya fundi faiba.

Na ikiyumba ubavu kwa ubavu kwenye mwendo mkali?

Hiyo ni hatari zaidi, kwa sababu kila kuyumba kunazidi kulikotangulia na dereva anaporekebisha kwa kuchelewa anaongeza. Punguza mwendo taratibu, usiachie leva ghafla. Baadaye kagua usukani: waya wa zamani uliolegea ni sababu mojawapo ya kawaida. Mimi nisingefunga mashine ya zaidi ya 100 kwenye boti ya V bila usukani wa oili. Na kamba ya kuzimia mashine ifungwe mwilini mwa dereva kila mara, hata safari ikiwa ni ya kwenda Changuu tu.

Tangi la zamani linafaa?

Badilisha mipira yote ya petroli bila kujadiliana. Tangi lililojengwa chini ya sakafu likaguliwe, lisafishwe, au lifungwe kabisa na kuwekwa jingine. Weka filta ya kutenganisha maji ya maikroni 10 mahali unapoiona kwa urahisi, kwa sababu petroli iliyokaa kwenye madumu ya ufukweni mara nyingi huwa imechukua maji.

Nijaribu wapi, na wakati gani?

Asubuhi na mapema kabla upepo haujaamka. Kwa wa Mjini, njia kati ya Malindi na Changuu inatosha. Kwa wa Pemba, ghuba ya Chake Chake imekingika. Kimbia kwenda na kurudi kwenye mstari uleule, kisha chukua wastani, kwa sababu mkondo wa pwani yetu unaelekea kaskazini na hukaza zaidi wakati wa kusi. Atakayepima upande mmoja atajisifia mwendo wa mkondo. Maji mafu ni bora kuliko bamvua kwa vipimo. Vaeni majaketi, na mwachie mtu wa pwani habari ya mnakokwenda.

Kuna karatasi zozote?

Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, ndiyo inayosajili na kukagua vyombo. Ukibadilisha mashine, peleka namba ya mashine mpya na nguvu zake, pamoja na hati za ununuzi na forodha. Kama unabeba abiria kwa malipo, fanya hivyo kabla ya safari ya kwanza. Baada ya kuzama kwa meli za abiria MV Spice Islander I mwaka 2011 na MV Skagit mwaka 2012, hakuna nyumba visiwani inayohitaji kuelezwa kwa nini.

Mashine imeshafungwa. Nifanye nini kila nikirudi?

Isafishe kwa maji ya kunywa dakika 10 hadi 15 kwa njia iliyoelekezwa kwenye kitabu, kisha inyanyue itoke majini. Tazama zinki, vile vipande vinavyoliwa na kutu badala ya mashine: zikiliwa nusu, badilisha, na usizipake rangi. Rangi ya chini ya boti yenye shaba isiguse mashine, maana shaba inaila alumini. Mpira wa pampu ya maji ubadilishwe kila mwaka. Ukifanya kazi kwenye maji ya mchanga kama ya Fumba au Kizimkazi, mapema zaidi. Na mwezi wa kwanza, kila Ijumaa kabla ya sala, pitisha spana kwenye zile bolti nne na utazame kama pembeni mwake pana dalili ya maji ya kahawia.